Jengo Lisilo na Kuta

BOIO: Haloo? Nani mwenzangu? Paza sauti, sikusikii.

AMBAI: [kwa kunong'ona] Siwezi kupaza sauti, Anti. Ni mimi, Ambai.

BOIO: Ambai yupi?

AMBAI: Ambai wa kamati ya ujenzi. Wa huku chuoni, Markham. Yule uliyegombana naye kuhusu ngazi.

BOIO: Alaa, mwenyekiti wangu. Habari za huko? Mbona sauti kama umefunikwa blanketi? Nilikuwa nakuwaza sasa hivi. Ijumaa natoka Moresby na ndege ya asubuhi, nije kwenye ufunguzi. Ila ile rangi ya nguzo waliyopaka—

AMBAI: Anti, nisikilize. Hakuna ufunguzi.

BOIO: Wameahirisha tena?

AMBAI: Wanapigana. Hapa hapa. Ndani ya jengo lako jipya, kantini.

BOIO: Akina nani?

AMBAI: Wanafunzi. Wetu wa mkoa wa Simbu na wale wa mkoa wa Enga. Wetu wamekuja na mapanga. Wengine wamebeba nondo zilizobaki nyuma ya tangi, zile tulizowaambia mafundi waziondoe, wakasema kesho, kesho—

[kishindo, kama bati linapigwa]

BOIO: Nini hicho?

AMBAI: Mawe. Yanatua kwenye paa. [pumzi] Anti, nina swali moja. Wewe ndiye uliyechora. Mtu akitaka kujificha humu, ajifiche wapi?

BOIO: Uko wapi wewe sasa hivi?

AMBAI: Kwenye shimo la mumu, pembeni mwa jiko, tunapookea chakula kwa mawe ya moto. Leo halikuwashwa. Tumelala chini, tumejifunika majani ya migomba na magunia. Majivu yamenijaa mdomoni.

BOIO: Mmelala? Uko na nani?

AMBAI: Na mtu.

BOIO: Mtu gani?

AMBAI: Mguu wake umevunjika. Mfupa umetoka nje, Anti. Sitaki kuutazama.

BOIO: Toka hapo, Ambai. Toka sasa. Lile jengo lina njia pande zote, kimbia upande wowote—

AMBAI: Nimekwambia hawezi kukimbia.

BOIO: Wewe unaweza.

AMBAI: Niambie pa kumficha.

BOIO: Nyuma ya kaunta.

AMBAI: Kaunta iko wazi chini. Tulisema jiko liwe la wote, kila mtu aone anapikiwa nini.

BOIO: Ofisi za juu.

AMBAI: Hazina milango. Na anayepanda anaonekana na kila mtu.

BOIO: Basi chini ya zile ngazi kubwa za kukalia, kuna—

AMBAI: Mlijaza zege.

BOIO: Tulijaza zege, kweli. Walisema panya watazaliana. Subiri nifungue ramani. Lazima kuna ukuta mmoja mahali. Hakuna jengo lisilo na ukuta hata mmoja.

AMBAI: Hili halina. Nilikuwepo, Anti. Kila walipotaka kuweka ukuta tuliufuta, mimi na wewe. Mkuu wa Majengo akisema geti moja na walinzi wawili, wewe unasema hapana. Akisema nyavu za chuma, mimi nasema hapana.

BOIO: Wewe ndiye uliyenionyesha ule mlango.

AMBAI: Najua nilichokuonyesha.

BOIO: Mlango wa ukumbi wa zamani, uliopindwa na moto. Ulinishika mkono ukaniambia, hapa ndipo walipomkuta Rosina, mwenzangu wa chumbani, amekufa akiwa amekaa. Mlango mmoja, madirisha ya chuma, na watu wote ndani. Ukasema, Anti, tujengee mahali ambapo mtu akitaka kutoka atokee popote.

AMBAI: Na anayetaka kuingia anaingilia popote. Hilo hatukuliwaza.

BOIO: Mimi niliwaza.

AMBAI: Halafu?

BOIO: Nikadhani mmechoka kupigana.

[mtandao unakwaruza]

BOIO: Haloo? Bado upo?

AMBAI: Nipo. Ongea polepole. Wamesogea kule kwenye meza, wanazipindua.

BOIO: Wengine wako wapi? Ilikuwa saa ya chakula, si ndiyo?

AMBAI: Palijaa. Walipoingia na mapanga, watu walitawanyika kama siafu waliomwagiwa maji. Huku, huku, kila upande. Sijaona aliyekwama.

BOIO: Hata mmoja?

AMBAI: Ni sisi tu.

BOIO: Haya. Haya. Imeanzaje?

AMBAI: Popoo.

BOIO: Nini?

AMBAI: Asubuhi. Kijana wa Enga alikuwa anatafuna popoo, akatema pale karibu na kaunta, mate mekundu yakamrukia Teine kwenye kiatu. Kiatu cheupe, kipya. Teine, binamu yangu, unamkumbuka? Yule mrefu aliyekuwa anatushikia kamba tulipokuwa tunapima kwenye majani.

BOIO: Aliyekuwa anacheka ovyo.

AMBAI: Huyo. Akasema, futa. Yule akasema, futa mwenyewe, kiatu si changu. Teine akampiga ngumi. Basi kila mtu akamwita wantok wake, mtu wa lugha yake, mawe yakaanza. Jiwe likampata Teine hapa, juu ya sikio. Akakaa kwenye ngazi kama mtu aliyechoka. Sisi tukadhani amechoka.

BOIO: Yuko hospitali?

AMBAI: Ameshafunikwa, Anti.

BOIO: Ee Mungu. Pole, mwanangu. Pole sana.

AMBAI: Pole utanipa baadaye.

BOIO: Na huyo uliye naye ni wenu au ni wao?

AMBAI: Ni wao.

BOIO: Anaitwa nani?

AMBAI: Lakain.

BOIO: Lakain wa kamati? Huyu huyu aliyekuwa anakubishia kila kikao? Aliyeng'ang'ania shimo la mumu liwepo?

AMBAI: Huyo. Mimi nilisema moshi utatuua. Sasa tumo ndani ya shimo lake.

BOIO: Anaweza kuongea?

AMBAI: Anauma mkanda wa bilum, mfuko wangu wa kusuka, asipige kelele. Ameshautoboa.

BOIO: Ambai, niambie kitu. Huyo Lakain ndiye aliyerusha lile—

AMBAI: Mtandao mbaya, Anti. Unakatika.

BOIO: Mimi nakusikia vizuri tu.

AMBAI: Mimi sikusikii.

BOIO: Haya. Usikate. Nina simu nyingine ya ofisini, napigia polisi wa mjini Lae. Usikate, umenielewa?

AMBAI: Sikati.

[Sauti ya Boio kwa mbali: ndiyo, chuoni… mapanga… ndiyo, bado wako ndani…]

BOIO: Haloo. Wanajua. Wako njiani, gari limeshapita uwanja wa ndege. Vumilieni kidogo.

AMBAI: Nasikia masufuria. Wako jikoni.

BOIO: Nani anaongoza hao wenu?

AMBAI: Siune.

BOIO: Siune ni nani?

AMBAI: Kaka yangu. Tumbo moja.

BOIO: Kaka yako? Kwa nini hukuniambia tangu mwanzo? Basi umesalimika. Simama, mwite kwa jina, nenda kwake. Hatakugusa.

AMBAI: Mimi hatanigusa.

BOIO: Ambai, sikiliza, nakwambia kama mama yako. Huyo kijana simjui vizuri. Wewe nakujua. Mtu mmoja ameshakufa leo. Nenda kwa kaka yako.

AMBAI: Anti, kwenu pwani, mtu akimpiga shemeji yake inakuwaje?

BOIO: Shemeji? Anakuwa si mtu tena, hata mbwa wanamshinda heshima. Kwa nini unauliza?

AMBAI: Kwetu hata jina lake hulitaji. Ukikutana naye njiani unampisha.

BOIO: Ambai, unawaza nini?

AMBAI: Wameona damu. Ilidondoka tulipokuwa tunatambaa. Wanaifuata. Nakutia kwenye bilum, Anti. Usikate. Chochote utakachosikia, usikate.

BOIO: Ambai—

[mkwaruzo, magunia yanavutwa]

AMBAI: [mbali na simu] Siune. Simama hapo hapo.

[kelele za watu]

AMBAI: [mbali] Hakuna aliyenishika, nimeingia mwenyewe. Ndiyo, nina majivu. Cheka basi, Wemin, umeshacheka? Hapana. Hupiti. Nimesema hupiti.

BOIO: Ondoka hapo, mwanangu. Ondoka hapo.

AMBAI: [mbali, kwa sauti kubwa] Sikieni wote. Ninyi mliokimbilia kilimani, ninyi wapishi, na ninyi wa Enga mlio ng'ambo ya mtaro, sikieni. Huyu aliyemo shimoni ni mume wangu.

[watu wanaguna]

AMBAI: [mbali] Mume wangu, nimesema. Siune, huyu ni shemeji yako. Wemin, shemeji yako. Na wewe uliyeshika nondo huko nyuma, shemeji yako. Mkimkata mmemkata shemeji yenu, na nyama ya nguruwe mtakayokula maisha yenu yote mtaila mkijua hivyo.

BOIO: Mungu wangu.

AMBAI: [mbali] Tangu lini? Tangu tulipoanza kuchora jengo hili. Kila jioni mlikuwa mnatuona wapi? Mlidhani tunapima nini?

[mtu anacheka, mwingine anamtukana]

AMBAI: [mbali] Kama mnabisha mwulizeni mwenyewe. Lakain. Sema. Inua kichwa, sema wakusikie.

[sauti hafifu ya mwanamume, maneno hayasikiki]

AMBAI: [mbali] Amesema. Mmemsikia wote. Siune, umemsikia. Siune. Siune, usi—

[kishindo. Kitu kinavunjika. Sauti ya mwanamke, fupi]

BOIO: Ambai.

[kelele, miguu, simu inaburuzwa kwenye zege]

BOIO: Ambai, nijibu. Ambai.

[mtu anahema karibu na simu]

SIUNE: Nani huyu?

BOIO: Wewe ndiye Siune?

SIUNE: Nimeuliza mimi kwanza.

BOIO: Boio Vagi. Niliyechora hilo jengo ulilosimama ndani yake. Umemfanya nini dada yako?

SIUNE: Mkono. Nondo imempata mkono. Ameuweka yeye mwenyewe.

BOIO: Ameuweka wapi?

SIUNE: Njiani. Nondo ilikuwa inakwenda kwenye kichwa cha yule mbwa, yeye akaweka mkono.

BOIO: Na sasa nondo iko wapi?

SIUNE: Ninayo.

BOIO: Iweke chini, mwanangu.

SIUNE: Mimi si mwanao. Wewe mama ni mtu wa pwani, haya huyajui. Teine tumekula naye sahani moja tangu hatujaota meno. Unajua amefunikwa na nini? Kitambaa cha meza. Kitambaa cha meza cha kantini, kina madoa ya supu.

BOIO: Sikujua.

SIUNE: Basi ndiyo ujue.

BOIO: Dada yako amezimia?

SIUNE: Amekaa. Ananitazama. Anadanganya, huyu. Tangu mtoto, akitaka kudanganya anamtazama mtu machoni. Hajawahi hata kumpenda huyu jamaa. Wakikutana humu wanatukanana mpaka wapishi wanaacha kukoroga.

BOIO: Kama unajua anadanganya, mbona umesimama?

SIUNE: Kwa sababu wamesikia wote. Wewe huoni. Kilima kizima kimejaa watu. Wasichana wa mwaka wa kwanza, wapishi, mchungaji wa chuo, mpaka Waenga wenyewe kule. Wote wananitazama mimi, mimi tu. Ingekuwa chumbani ningefunga mlango, nikamaliza, nikatoka nikasema sikusikia kitu.

BOIO: Hakuna mlango.

SIUNE: Hakuna, nimeona. Umejenga kitu cha ajabu sana, mama.

BOIO: Polisi wanakaribia. Tafuta ubao mfupi umfunge mkono, chana shati lako—

SIUNE: Usinifundishe. Ni dada yangu. [kwa mbali] Wemin, achana naye. Nimesema achana naye. Mbebeni. Sikusema mpendeni, nimesema mbebeni. Mshikeni chini ya mapaja, ule mguu msiuguse. [karibu] Mama, nakata.

BOIO: Ngoja, nipe Ambai nimsikie—

SIUNE: Hataki kuongea. Analia. Kwaheri.

[simu inakatika]

[siku ya pili, simu inaita muda mrefu kabla ya kupokelewa]

BOIO: Haloo? Ambai? Ni wewe?

AMBAI: Ni mimi, Anti. Shikamoo. Nisamehe, jana sikuweza. Walinidunga sindano nikalala kama gogo.

BOIO: Marahaba, mwanangu. Mimi sijalala kabisa. Mkono?

AMBAI: Mifupa yote miwili. Wameufunga plasta mpaka kwenye kiwiko. Nakuongelea kwa wa kushoto, naona simu nzito.

BOIO: Uko wapi?

AMBAI: Zahanati ya chuo, barazani. Ndani kumejaa. Mvulana mmoja wa Enga amekatwa vidole, wametafuta kwenye majani mpaka giza, wamepata viwili tu. Wetu mmoja mshale wa waya umemwingia jichoni. Kuna mwingine hatumjui ni wa wapi, amevimba uso, hana jina.

BOIO: Lakini aliyekufa—

AMBAI: Ni Teine peke yake. Polisi walifika, wakapiga risasi hewani, watu wakalala chini. Ilikuwa imeshakwisha.

BOIO: Na Siune?

AMBAI: Amelala hapa chini, kwenye sakafu, nje ya mlango. Hataki mkeka. Haongei nami. Polisi wamemwandika jina, watamwita. Lakini asubuhi alikwenda sokoni, akarudi na viazi vitamu vya kuchoma. Viwili.

BOIO: Vyako.

AMBAI: Kimoja changu. Kingine alikiweka kwenye kitanda cha pili, huku ameangalia ukutani, halafu akatoka kinyumenyume.

BOIO: Kitanda cha pili yuko nani?

AMBAI: Yuko Lakain.

BOIO: [anacheka kidogo, anaacha] Na huyo anasemaje?

AMBAI: Hasemi. Mguu wamemnyoosha jana bila dawa ya kutosha, amepiga kelele mpaka sauti imeisha. Leo ananiita mwenyekiti. Mwenyekiti, naomba maji. Mwenyekiti, umekula? Nimemwambia aache, watu wanasikia. Mke gani anaitwa mwenyekiti.

BOIO: Watu wake wamekuja?

AMBAI: Wajomba zake. Walisimama pale getini, hawakuingia. Wakaniita. Mzee mmoja akanitazama mkono muda mrefu, akasema, waambie kwenu tutaleta nguruwe wa mahari, mazishi yakipita.

BOIO: Ukamjibu nini?

AMBAI: Nikasema nitawaambia.

BOIO: Ambai. Utawaambia ukweli lini?

AMBAI: Upi?

BOIO: Kwamba ulisema tu. Kumwokoa mtu. Hakuna mtu mwenye akili atakayekulaumu.

AMBAI: Nikisema nilisema tu, Siune ataamka hapo alipolala na hatakwenda sokoni kununua viazi.

BOIO: Kwa hiyo utaolewa na mtu usiyempenda, kwa neno moja la kwenye fujo?

AMBAI: Nimeshaolewa, Anti. Watu wote walikuwepo.

BOIO: [kimya]

AMBAI: Usinyamaze hivyo. Ukinyamaza naogopa.

BOIO: Nakuuliza tena lile la jana, na leo mtandao ni mzuri. Lile jiwe.

AMBAI: Mawe yalikuwa mengi.

BOIO: Sikuulizi mawe.

AMBAI: Anti…

BOIO: Nani alilirusha?

AMBAI: Nilikuwa nimekaa ngazi ya juu kabisa. Wewe mwenyewe unajua mtu akikaa pale anaona nini.

BOIO: Anaona watu wote.

AMBAI: Anaona watu wote, na mikono yao.

[mtu anakohoa upande wa Ambai]

BOIO: Na ukamburuta mwenyewe mpaka shimoni.

AMBAI: Nilimkuta ameanguka pale kwenye mtaro, anamwita mama yake. Nilikuwa na jiwe mkononi, Anti, nisikufiche. Kubwa. Nilikuja nalo kwa ajili yake. Halafu nikamsikia Siune anakuja, anaimba ule wimbo wao wa vita, na sauti yake haikuwa yake. Nikaona ilivyo. Atamkata huyu, na wa Enga watamngoja yeye barabarani, leo au mwaka ujao, watamchukua. Mimi nina kaka mmoja tu.

BOIO: Lakain anajua kwamba ulimwona?

AMBAI: Anajua. Ndiyo maana ananiita mwenyekiti.

BOIO: Mwanangu. Mwanangu, sijui nikwambie nini.

AMBAI: Usiseme kitu. Nilitaka mtu mmoja ajue. Sasa unajua.

BOIO: Siune asije akajua.

AMBAI: Siune hajauliza. Nadhani hatauliza.

[mtandao unakwaruza]

BOIO: Sikiliza. Mkuu wa Majengo amenipigia asubuhi, na mwingine wa Baraza la chuo, na mwingine. Wanataka kuta. Matofali pande tatu, geti moja, kamera, kabla ya muhula ujao. Wanasema nisipochora watamtafuta mwingine achore. Wewe ni mwenyekiti wa kamati. Nakuuliza wewe. Nichore?

AMBAI: Unaniuliza leo?

BOIO: Leo ndiyo siku unayojua jibu kuliko mtu yeyote.

AMBAI: Sijui, Anti. Jana nililala kwenye yale majivu nikakulaani. Nilikulaani kwa jina. Ningepata hata ukuta wa kimo cha goti ningeubusu. Halafu nawaza wale waliotoka mbio. Wale wasichana. Ukumbi wa zamani ungewamaliza.

BOIO: Na Siune angefunga mlango.

AMBAI: Aliyasema hayo?

BOIO: Aliniambia mwenyewe.

AMBAI: Basi usichore leo. Waambie kamati haijakaa.

BOIO: Nitawaambia hivyo. Nitakuja Ijumaa hata kama hakuna ufunguzi. Nitalala kwenu huko bwenini kama hamna pengine.

AMBAI: Njoo. Ila usije na nguo nyekundu, kuna msiba.

BOIO: Msiba umewekwa wapi?

AMBAI: Hapo hapo, chini ya paa. Hakuna aliyeamua. Mama yake Teine alifika alfajiri kutoka Lae, anauza mboga kule sokoni, alikuja na aproni yake ya kazi. Akaingia moja kwa moja mpaka katikati, akakaa kwenye ngazi ile ile. Amejipaka udongo mweupe wa kuomboleza usoni na mikononi. Watu wakaanza kuja mmoja mmoja. Wasimbu. Halafu wapishi. Sasa naona na Waenga kadhaa wamekaa kule pembeni, wameinamisha vichwa, na polisi wamewaacha.

BOIO: Unaona kutoka hapo ulipo?

AMBAI: Naona mpaka ndani. Natakiwa niende nikakae, Anti. Nimekuwa nikikwepa tangu asubuhi.

BOIO: Huna haja ya kwenda na mkono huo.

AMBAI: Lazima. Ni mama yangu mdogo, amenilea nusu. Tatizo sijui nikae wapi. Nikikaa na wafiwa, mimi ni mke wa wale wa pembeni. Nikikaa pembeni, Teine ni ndugu yangu.

BOIO: Kaa katikati basi.

AMBAI: Katikati yuko yeye.

BOIO: Ngoja Siune aamke akupeleke.

AMBAI: Ameshaamka. Amekaa anafunga viatu. Anti, ameinua kichwa.

BOIO: Siune?

AMBAI: Mama yake Teine. Ametazama huku. Ameniona.

BOIO: Anafanya nini?

AMBAI: Ananiita kwa mkono.

BOIO: Anajua?

AMBAI: Anajua mimi ni mke wa nani. Jingine sijui. Uso wote ni udongo, siwezi kuusoma.

BOIO: Usiende peke yako, Ambai. Mwambie kaka yako—

AMBAI: Ameinua tena mkono. Naenda, Anti. Kwaheri.

BOIO: Ambai, ngoja—

AMBAI: Naenda.